Siku nzima na bampa moja

Saa 1 asubuhi nishafika gereji, nafagia na kumwagia sakafu maji, maana kazi yangu ni kubandika filamu ya kulinda rangi ya gari, na punje moja ya vumbi ikiingia chini yake ndo basi tena, unabandua.

Saa 2 gari inaingia, ya spoti, iko chini kabisa, mwenyewe anashuka: fundi naomba uipake ile seramiki mawe yasiidonoe tena. Nikamwambia kaka hapana, seramiki ni tabaka jembamba mno, kazi yake uchafu usigande, ila jiwe lililorushwa na tairi ya lori linapita tu. Cha kuzuia jiwe ni PPF, ile filamu ya plastiki inayonyumbuka, unene kama milimita 0.2 hivi, inameza kishindo kabla hakijafika kwenye rangi.

Saa 3 kuosha, kusugua na ule udongo wa kuvuta uchafu. Vidonda vya zamani vya mawe mwenye gari alishavijazia rangi wiki kadhaa nyuma, vizuri sana, rangi mbichi ukiifunika haraka filamu inaweza kuing'oa.

Saa 4 mpaka saa 8 kubandika. Maji yenye matone ya shampuu ili filamu iteleze, maji yenye spiriti pale unapotaka ishike, raba mkononi unasukuma maji yatoke. Sehemu ngumu ni kona za mdomo wa bampa, ukivuta sana leo inakaa safi kumbe baada ya muda ncha zinaanza kuinuka, kwa hiyo pale naenda taratibu na hita, sitaki kuongeleshwa kabisa.

Saa 9 naipandisha gari juu nione chini, na hapa ndo huwa naumia moyo, lipu, ule ukingo wa chini kabisa wa bampa, yote imekwanguka! Hiyo sio mawe, ni matuta na kingo za maegesho, na filamu haiwezi kitu huko. Nikafunga kipande cha plastiki ngumu yenye utelezi chini ya lipu, hicho ndo kigonge badala ya bampa, kikilika unafungua skrubu unaweka kingine. Halafu nikamweleza jinsi ya kupanda tuta: nenda kwa mshazari, tairi moja itangulie, na breki ukanyage kabla, usikanyage ukiwa juu ya tuta kwa sababu pua inainama hapohapo. Kwenye maegesho ingia kinyumenyume. Na ukiwa nyuma ya lori kaa mbali, mbali kweli.

Saa 11 namkabidhi. Asioshe kama wiki moja, mashine ya presha asiielekeze kwenye ncha za filamu, na mikwaruzo midogo asiwe na presha nayo, jua au maji ya moto yanaifuta.

Getini kwetu kuna tuta. Akalipanda kwa mshazari, tairi moja kwanza, mdogo mdogo, mi nimesimama nasikiliza kama kutakwaruza. Kimya.