Kofia zilivyonionyesha babu alipigana upande gani

Kwetu Tabora tumekua tukiambiwa kwamba baba wa babu, ambaye hapa nitamwita babu tu, alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza. Picha yake imebaki moja tu, ndogo kama kiganja, imepauka: askari wanne wamesimama, afisa wa Kizungu ameketi mbele yao. Nyuma hakuna maandishi. Mwaka jana nilimwomba shangazi aniazime, nikaanza na kofia, maana kaki ilivaliwa pande zote mbili, kwa Waingereza na kwa Wajerumani.

Askari wamevaa tarbushi, ile kofia ya kitunga, iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga shingo na jua. Hapo nilikwama siku nyingi, kwa sababu vita vya 1914 hadi 1918 askari wa KAR nao walivaa kofia ya duara ya kaki yenye pazia kama hilo, ila yao ni fupi zaidi. Nikaipeleka picha steshenari, ikaskaniwa kwa nukta 1200 kwa inchi. Nilipoikuza, mbele ya tarbushi ya babu pakatokea tai wa chuma aliyekunjua mabawa. Tai wa dola ya Kijerumani! Niliinuka kitini.

Kofia ya afisa ikamaliza ubishi. Ina ukingo mpana, uliokunjwa juu upande wa kulia na kubanwa kwa nembo ya duara, ambayo kwa macho ingekuwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Utepe wake ni mweupe. Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, liliyatofautisha makoloni kwa utepe huo: mweupe Afrika Mashariki, wa buluu Afrika ya Kusini Magharibi (Namibia ya leo), mwekundu Kamerun. Niliogopa picha isije ikawa imesafishwa kinyume, kulia kukawa kushoto, nikatazama vifungo vya koti: upande wa kushoto umelalia wa kulia, kama koti lolote la kiume. Picha iko sawa.

Nilipomweleza shangazi, alinyamaza kwanza.

“Kwa hiyo mwanangu, baba alitudanganya?”

“Hapana, shangazi.”

Nikamwambia kwamba mwaka 1917 Waingereza walikiunda upya kikosi cha 6 cha KAR kwa askari waliokuwa wa Wajerumani, wakiwemo mateka. Huenda babu alivaa kofia zote mbili. Shangazi akaishika picha muda mrefu, kisha akaniagiza nimtolee nakala kubwa ya kutundika sebuleni, na yule tai aonekane vizuri.