Mikono Langoni

Februari 2009 nilikuwa Colindale, kaskazini mwa London, katika chumba cha magazeti ya zamani cha Maktaba ya Uingereza, nikizungusha filamu yenye picha za kurasa za gazeti la Morning Chronicle la mwaka 1849. Nilikuwa nikichunguza jinsi magazeti ya enzi ya Malkia Victoria yalivyowaeleza wafanyakazi, na kabla hata ya kusoma nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba Henry Mayhew, mwandishi wa gazeti hilo, aliwatazama makuli wa bandarini kama mtu atazamaye mchezo wa jukwaani. Ushahidi niliupata upesi: watu wamejazana langoni asubuhi, wamenyoosha mikono juu, wanasukumana ili mwita majina awaone, na mwandishi yuko pembeni na kalamu yake.

Jioni nilimpigia baba simu Mombasa. Katika miaka ya hamsini, kabla hajaandikwa kazi ya kudumu, alikuwa kibarua Kilindini, na kibarua, kwa asili, ni kile kijikaratasi anachopewa mtu wa kutwa. Nilidhani atakereka nikimfasiria habari ile, lakini aliposikia kwamba upepo wa mashariki ulipovuma meli zilichelewa kuingia London na maelfu wakakosa riziki, alicheka, akasema kumbe hata Wazungu walikula kwa kaskazi na kusi. Kisha akauliza: "Na waliokosa, mwanangu, walikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa baada ya kuinukuu ile mikono nilikuwa nimeisogeza filamu mbele.

Kesho yake nilirudi. Mayhew hakuishia langoni. Alitaka kujua waliokosa walikuwa katika hali gani, akawafuata hadi kwenye ua wa kungojea, ambako waliketi kwenye mabenchi marefu, wengine wakizungumza, wengine kimya, wakisubiri saa baada ya saa kwa matumaini ya kuitwa na kulipwa peni 4 kwa saa. (Miaka 40 baadaye makuli wa London waligoma wakidai peni 6.) Hukumu niliyokuwa nimeiandika daftarini niliikata kwa kalamu, ingawa ile mikono bado inanisumbua.

Nilimpigia baba tena, nikamsomea sehemu hiyo polepole. Alinyamaza kidogo.

"Hapo walipoketi palikuwa na paa?"

Nikamwambia ndiyo, palikuwa na kibanda.

"Afadhali," akasema.