Posti ya Karatasi

Muhula wa pili wa mwaka 2023 tulialikwa katika shule moja ya msingi mjini Busia, upande wa Uganda, tukazungumze na darasa la sita kuhusu mitandao ya kijamii. Mwalimu wa darasa alitegemea hotuba ya kawaida: msiongee na wageni, msiweke picha ovyo, simu zitawaharibu. Watoto wa mpakani wameshayasikia hayo hadi yakawachosha. Simu zenyewe haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo somo zima liliendeshwa kwa karatasi za manila, maka peni na vipande vya daftari.

Kwenye manila ya kwanza tulichora posti moja kubwa ya Facebook, waliokaa nyuma waweze kuisoma. Juu kushoto duara la picha ya mwenye akaunti, pembeni jina lake, chini ya jina saa na mahali, halafu maneno, halafu picha, na chini kabisa dole gumba, kiputo cha maoni na mshale wa kusambaza. Maneno na picha waliyamaliza upesi. Kilichokula muda ni ile alama ndogo kando ya saa inayoonyesha posti itaonwa na nani: dunia ni kila mtu, vichwa viwili ni marafiki, kufuli ni mwenye akaunti peke yake. Wengi walikuwa wameiona, kazi yake hawakuijua. Facebook ilikuwa imefungwa nchini tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na tulipoligusia hilo mtoto wa dawati la mbele alijibu bila wasiwasi, "Si unawasha VPN tu, Mwalimu," yaani programu ya kupita mtandao ulipofungwa. Mwenzake akaongeza, "Au unaweka laini ya Kenya." Anayekwenda kufundisha Busia ajue anaanzia wapi.

Ikafuata picha ya mtoto aliyevaa sare, amesimama langoni mwa shule. Tuliifunika kwa vipande vya karatasi, tukawa tunafunua kimoja kimoja. Rangi ya sare. Nembo ya sweta. Nusu ya kibao cha shule. Bodaboda nyuma, namba yake inasomeka. Kivuli kirefu na lango wazi: jioni, watoto wanatoka. Maneno ya posti yalikuwa mawili tu, "Namsubiri mama." Hapo walinyamaza kidogo, kwa sababu wao wenyewe ndio walioorodhesha shule, saa, na kwamba mtoto yuko peke yake, na hakuna hata kimoja alichokiandika mwenye posti. Watu wazima hupenda kuhangaikia zile namba za mahali ambazo simu huzificha ndani ya picha. WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, ingawa hubaki ikitumwa kama faili. Nembo ya sweta haiondolewi na programu yoyote.

Zoezi la kunakili ndilo lililochukua sehemu kubwa ya asubuhi. Tulichagua watoto arobaini, na idadi hiyo ina sababu: mmoja anawapa watatu, watatu wanawapa tisa, tisa wanawapa ishirini na saba. Mizunguko mitatu inatosha kuwafikia wote. Wa kwanza aliandika kwenye robo ukurasa: "Kesho hakuna shule. Maji yamekatika." Kila anayepokea ananakili mara tatu kwa mkono na kuwapa watatu ambao hawajapata. Ambaye hajapata aweke mkono juu, la sivyo rafiki mmoja atapewa karatasi nne na kona moja ya darasa isipate kitu. Na kila mtu aibakize yake, asiigawe, maana wakigawa zote hesabu inavurugika.

Mzunguko wa tatu ulipokwisha, tulimwambia mwenye posti aifute. Akaichana vipande, akavirusha kwenye ndoo. "Zimebaki ngapi?" Karatasi thelathini na tisa zikapanda juu. Wengi wetu hufundisha kwamba posti ni kama tangazo la ubaoni. Ni mfano mbovu, kwa kuwa tangazo ukilibandua limekwisha.

Kisha tukazisoma kwa sauti. Baadhi zilikuwa zimepoteza maji, zikabaki "Kesho hakuna shule." Tatu, zote za ukoo mmoja, zilisema "Mkuu amesema kesho hakuna shule." Aliyeongeza alijitetea kwamba bila hivyo wenzake wasingeamini, na kwa kweli hakuna aliyewahi kutueleza vizuri zaidi jinsi uvumi unavyopata cheo. Kwenye simu herufi hazibadiliki hivyo; kinachobadilika ni kupigwa picha ya skrini na kukatwa juu, jina na tarehe vikaondoka. Tulichukua mkasi tukakata sehemu ya juu ya posti ya manila. Posti inayosema "kesho", ikishakatwa tarehe, ni kesho mwaka mzima.

Mishale ya WhatsApp ilileta mkanganyiko: watoto waliichanganya na tiki mbili. Tiki zinahusu ujumbe wako kama umefika na kusomwa. Mishale inahusu ulikotoka: mmoja maana yake umesambazwa, miwili maana yake umepita mikononi mwa watu watano au zaidi, na tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwa mtu au kundi moja tu kwa mara moja. Ule wa "tuma kwa makundi 20 upate bando la bure" waliutambua papo hapo. Bando haliji, kazi ya ahadi ni kukufanya msambazaji.

Umri wa kufungua akaunti, miaka 13, tuliupitia kwa haraka. Wengi hutumia simu ya mama, na linaloonekana juu ya posti ni jina la mama.

Msichana mmoja akauliza, "Na picha zetu ambazo shule inaweka matokeo ya PLE yakitoka?" Alimaanisha mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Swali halikuwa letu kulijibu. Sheria ya ulinzi wa data na faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, ila fomu ya kujiunga na shule ile haikuwa na mstari huo. Mkuu wa shule, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, hakukwepa. Kabla ya chakula cha mchana karani alikuwa amechapa nyongeza: picha, ndiyo au hapana, jina kamili, ndiyo au hapana, alama za mtihani, ukurasa wa wazi au kundi la wazazi pekee, sahihi ya mzazi. Mwalimu wa darasa akadai iwepo na sahihi ya mtoto. Mkuu alisita, akasema wazazi watalalamika. Mwishowe ikawekwa, kwa darasa la sita na la saba tu.