Pikipiki inayoogopa mvua: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumamosi. Mvua imenikuta chini mjini, hapa Kigoma. Ule mlima wa kutoka stesheni kwenda Mwanga, ambao siku ya jua naupanda na gia ya tatu, leo umenishinda. Nikivuta mafuta inakohoa, inapiga risasi kwenye ekzosi, nguvu hakuna. Gia ya pili, ya kwanza, mwisho nikashuka kusukuma, vijana wa kijiweni wakinipigia makofi. Mvua ilipokatika, nusu saa tu, ikakimbia kana kwamba si yenyewe.

Jumapili. Kila niliyemuuliza anasema petroli ina maji. Haya. Nimelegeza skrubu ya chini ya kabureta, nikakinga kwenye chupa, nikaiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yangekuwemo yangejikusanya chini. Hayamo. Tundu la pumzi kwenye mfuniko wa tenki halijaziba, eya klina kavu. Mama watoto ameuliza kama leo tutakula kabureta.

Jumanne usiku. Fundi mmoja wa Katubuka ndiye aliyenishtua: "Mdogo wangu, ngoja giza, halafu uimwagie maji kidogo." Nimezima taa ya uani, nikawasha injini, nikachukua ile chupa ya kupulizia nguo za pasi. Mikono mbali! Koili, ile inayokuza umeme wa plagi, kimya. Waya wa plagi, kimya. Kufika kwenye kofia ya plagi, ile inayounganisha waya na plagi, cheche ya buluu, nyembamba kama uzi, ikatambaa kutoka kwenye ufa hadi kwenye mapezi ya silinda, ti-ti-ti, na injini ikaanza kumisi palepale. Nimecheka peke yangu gizani.

Umeme wa plagi ni maelfu ya volti, na ukipata njia ya mkato kwenda kwenye chuma haukawii. Hapo ndipo nimeelewa kwa nini ikisimama inanguruma vizuri ila mlimani inakufa: ukivuta mafuta mengi, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji volti zaidi kuruka gepu, ile nafasi ndogo kwenye ncha ya plagi. Ikiona kuruka ni kazi, inapita kwenye ufa wenye maji.

Jumatano. Kofia mpya. Ncha ya waya ilikuwa na kutu ya kijani, nimekata kama milimita 5 hadi nikakuta shaba safi, nikaizungushia kofia. Gepu ya plagi nimeiweka milimita 0.7. Kofia hii imekuja na mpira wa kuzuia maji chini yake. Ile ya zamani nayo ilikuwa nao; niliutupa mwenyewe mwaka jana nikidhani ni takataka.

Jumamosi tena. Mvua kubwa, mlima uleule, gia ya tatu mpaka juu. Imekohoa mara moja tu, baada ya kupita kwenye dimbwi. Boliti ya athi ya koili, ile inayounganisha koili na chuma cha fremu, ina kutu. Kesho naifungua niipige msasa, na usiku chupa ya pasi inarudi kazini.