Walinzi na asubuhi

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki iliyopita nilipanda boda kutoka Fort Portal, magharibi mwa Uganda, mpaka Ziwa Nkuruba, kama kilomita 25 hivi, na kamera yangu na tripodi na hema la kuazima, nilitaka nilale huko nipate picha ya alfajiri. Ziwa lenyewe liko ndani ya shimo la volkano, msitu umelizunguka, usiku ukishaingia kule chini hata mkono wako huuoni.

Saa 10 usiku nikashuka na mzee mmoja mlinzi, tukakaa karibu na maji. Baridi jamani! Lenzi inashika unyevu, naifuta kwa pindo la shati, nikimaliza imeshalowa tena. Nikamuuliza, mzee, kunakaribia kucha? Akasema bado mwanangu. Nikanyamaza, nikafuta lenzi, nikakaa kidogo halafu nikamuuliza tena maneno yaleyale.

Hapo ndo Zaburi ya 130 ikanijia. Mwenye zaburi anasema anamngoja Bwana kuliko walinzi wanavyoingoja asubuhi, halafu hao walinzi na asubuhi yao anawarudia tena. Miaka yote nilidhani ni urembo wa ushairi tu, kumbe mtu aliyekaa gizani ndivyo anavyoongea, anasema mara ya pili kwa sababu ile ya kwanza haijaleta kitu. Mimi namwombea mdogo wangu aliyezama kwenye pombe, mwaka wa sita huu, na nilishaanza kuona aibu kumtaja kwenye maombi ya Jumatano, naona kama watu wamechoka kusikia. Lakini mzee hakuchoka na mimi, alinijibu mara ya pili kwa upole uleule, bado mwanangu.

Kabla hata ya mwanga, mbega dume akaunguruma juu mtini, sauti nzito kama lori linalokataa kuwaka, mwingine akamjibu toka ng'ambo ya ziwa. Giza bado totoro, ila mzee kusikia tu akasimama, akaanza kukunja blanketi lake.

Picha niliipata karibu saa 1, ukungu umelala juu ya maji, mbega kakaa tawini na yale manyoya yake meupe marefu. Ila pale mzee alipokuwa anakunja blanketi, mimi nilimtaja mdogo wangu kwa jina lake, nikamtaja tena.