Siku jina la Mama Mkubwa liliposomwa

Juzi binti yangu alinijia na daftari lake la uraia. "Mama, nitajie kazi nne za mwenyekiti wa kijiji." Nikamtajia: kuongoza vikao vya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, kusimamia ulinzi na usalama, kuhamasisha shughuli za maendeleo, kusuluhisha migogoro. Akaandika zote kwa mwandiko wake wa kulala, akafunga daftari. Kisha akauliza, "Na Bibi alikuwa anafanya hizi hizi tu?"

Nikamwambia ndiyo, aende akaoge. Lakini swali lake halijaniacha tangu siku hiyo.

Mama alikaa kwenye kile kiti tangu uchaguzi wa Novemba 2019 hadi ule wa Novemba 2024. Kiti chenyewe hakina mshahara. Kina posho, nayo hutegemea halmashauri ina nini. Kilichokuwepo kila siku ni hodi. Hodi alfajiri ya mtu aliyefiwa, anataka watu wa kuchimba kaburi wapatikane mapema. Hodi ya kijana anayehitaji barua ya utambulisho ili akaombe kitambulisho cha taifa. Hodi ya mke aliyefukuzwa usiku na watoto wawili, akalala kwetu sebuleni, na asubuhi Mama akaenda kuzungumza na mume kabla hata ya chai. Ng'ombe kaingia kwenye mahindi ya mtu. Mgeni kapanga kwa fulani na hajaandikishwa. Darasa linataka mchanga, na wa kuubeba ni wanakijiji, na wa kuwashawishi waubebe ni yeye.

Watu wa kwetu Muheza walimpa kiti kile kwa sababu moja ninayoijua: kabla ya hapo alikuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Baraza lile lina watu saba, na sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inataka wanawake wasipungue watatu. Wengi huingia kutimiza hesabu. Mama aliingia akawa ndiye anayefungasha khanga kiunoni na kwenda kuusimamia mpaka kwa miguu, mnazi kwa mnazi, mchungwa kwa mchungwa, akiwauliza wazee nani aliupanda na lini. Aliwahi kumnyima shamba mjomba wetu mwenyewe, mbele ya watu. Kijiji kilisema huyu hapendelei. Nadhani sifa ile ndiyo iliyomfunga siku ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa 2021. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, awamu yake ya kwanza ilifika katika vijiji, mitaa na shehia karibu 10,000, kama asilimia 70 ya nchi. Sisi tulikuwa kwenye ile 30 iliyobaki. Miaka yote hiyo tuliwasikia wenzetu wa vijiji vya pili wakipokea ruzuku kila baada ya miezi miwili, watoto wao wakinunuliwa sare na madaftari, na sisi tukisubiri. Awamu ya pili ilipozinduliwa Februari 2020 tukaambiwa safari hii hakibaki kijiji. Kwa hiyo wawezeshaji wa halmashauri ya wilaya walipofika, hapakuwa na haja ya kuhimiza watu. Gurudumu la chuma linalotundikwa kwenye mwembe wa ofisi liligongwa mara moja tu, na kijiji kizima kikajaa.

Nilikuwa nimekuja likizo. Si mkazi, sina kauli kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa hiyo nilisimama nyuma pamoja na wanafunzi waliobeba madawati kutoka shuleni.

Vigezo vilikuwa vimeshakubaliwa na wanakijiji wenyewe: kaya isiyo na uhakika wa mlo, isiyo na kipato cha kueleweka, watoto wasio na mahitaji ya shule, makazi duni. Watu waliochaguliwa na vitongoji walikuwa wamekwishapita nyumba kwa nyumba na orodha ilikuwa mezani. Kilichobaki ni kusoma jina moja moja mbele ya wote, watu wakubali au wakatae.

Mama alifungua mkutano, akahakikisha akidi na Mtendaji wa kijiji, akasema maneno machache, akawaachia wawezeshaji. Akakaa pembeni ya meza.

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wa namna ile anaweza kuuelewa uzito wake. Jina la mtu linatajwa kwa sauti, naye yupo pale, ameketi kwenye mkeka na majirani zake, na kijiji kinaulizwa kama yeye ni maskini wa kutosha. Nilimwona baba mmoja akiinamisha kichwa jina lake lilipopita, watu wakiitikia "Anastahili!" kwa nguvu na kwa upendo kabisa, naye akawa anachora chini kwa kijiti. Alikuwa amepata. Na bado.

Orodha ikafika kitongoji cha bondeni. Likasomwa jina la Mama Mkubwa.

Hakuna aliyeitikia.

Muwezeshaji akarudia, akidhani halikusikika. Ndipo mwanamume mmoja akanyoosha mkono. "Samahani muwezeshaji. Nyumba ile ni ya bati." Mwingine, bila kusimama, akasema kile ambacho wengi walikuwa nacho mdomoni: "Na ni dada wa mwenyekiti."

Yale mabati nayajua. Miaka kadhaa kabla hata Mama hajafikiria uongozi, makuti ya Mama Mkubwa yalikuwa yameoza, masika yakawa yananyesha ndani. Ulikuwa msimu mzuri wa machungwa. Mama aliuza, akaenda mjini, akarudi na bandali za bati juu ya gari la mizigo, na mafundi wakaezeka. Ndani ya nyumba ile hapakuongezeka kitu kingine. Mama Mkubwa alibaki na wajukuu wawili alioachiwa na binti yake marehemu, na kibustani cha mihogo kisichotosha mwaka.

Akasimama. Ni mrefu kuliko Mama, na siku ile alikuwa amevaa khanga zake za msibani kwa sababu ndizo zilizokuwa nzima. Akasema, "Bati ninalo, ni kweli. Lakini bati haliliwi." Baadhi ya watu wakacheka, kicheko cha kumuunga mkono, si cha kumdhihaki. Akaketi.

Muwezeshaji alikuwa kijana mwenye adabu. Akamgeukia Mama. "Mama Mwenyekiti, shikamoo tena. Hali ya kaya hii unaifahamu?"

Katika mkutano ule mzima hapakuwa na mtu aliyeifahamu kama yeye. Ni yeye aliyekuwa akipeleka pishi ya unga na nusu kilo ya maharage kila alipopata. Ni yeye aliyejua kwamba mjukuu mkubwa alikuwa amesimama shule kwa kukosa viatu na sare, akawa anaokota machungwa kwenye mashamba ya watu. Angesema hayo mawili tu, ingetosha.

Alisimama taratibu. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akamwangalia Mtendaji, ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi ya muhtasari, ikingoja. Kisha akaangalia watu, si upande wa bondeni, bali upande wa yule aliyezungumza bila kusimama. Nilikuwa namwona uso wote kutoka nyuma nilikokuwa. Nilimjua mama yangu vya kutosha kuona kwamba maneno yalikuwepo, yalikuwa yamefika kooni, na alikuwa anayarudisha.

"Huyu ni dada yangu, tumbo moja," akasema. "Juu yake mimi sina la kusema. Waulizwe jirani zake."

Akaketi.

Jirani mmoja, mama wa makamo, alianza kuinuka. Mwenzake akamvuta khanga, akaketi tena. Simlaumu. Ilikuwa imeenea kijijini kwamba nafasi zina idadi, na kila jina linalopita limekula nafasi ya mwingine. Wengi wa jirani zake walikuwa wanangoja majina yao wenyewe. Mikono ikaitwa: wanaokubali, wachache. Wanaokataa, wengi. Mstari ukapigwa juu ya jina, na la pili likasomwa, la mzee asiyeona wa kitongoji hicho hicho, na watu wakaitikia kwa furaha, na walikuwa sahihi kabisa. Nataka niliseme hili wazi: orodha iliyopita siku ile, kwa jumla, ilikuwa ya haki. Nimewahi kuona watoto wa kaya zile wakirudi shule.

Mengineyo ya mkutano siyakumbuki. Jioni Mama alinipa unga nipeleke bondeni, zaidi ya kipimo cha siku zote. Mama Mkubwa alinipokea, akaninywesha maji, akauliza habari za mjini na za mume wangu. Nilipoaga akasema, "Mwambie mwenyekiti nimeshukuru."

Mtendaji alimweleza Mama Mkubwa baadaye kwamba kuna utaratibu wa kupeleka malalamiko, kwamba jina linaweza kuangaliwa upya. Hakutaka. Alisema hapeleki mdomo wake kule ambako wa ndugu yake haukwenda.

Tumelizungumza jambo hili nyumbani kwa miaka, hasa kaka yangu na mimi. Yeye anaamini Mama alikosea na halainishi neno. Anasema kiongozi aliulizwa jambo analolijua, akalificha, na kuficha ukweli kwa sababu ya jina lako zuri ni upendeleo vilevile, ila umejipendelea mwenyewe. Mimi kwa muda mrefu nilimtetea Mama. Nilisema angefungua mdomo pale, orodha nzima ingetiwa doa. Wenye makazi duni kuliko wote wangeambiwa wameingizwa na mwenyekiti pamoja na dadaye, na pengine wangepoteza.

Siku hizi nafikiri kulikuwa na njia nyingine. Angeondoka mezani. Angewaomba wajumbe wamteue mwenzao akae pale kwa jina lile moja, akashuka akakaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akanyoosha mkono kama mwanakijiji yeyote mwenye miaka 18 na kuendelea. Mkutano mkuu ni wa watu wazima wote wa kijiji, na hakuna mahali kiti kinapomfuta mtu uraia wake wa kijiji. Angesema, "Mjukuu wa kaya hii haendi shule." Halafu wapige kura wanavyotaka.

Nilimpelekea wazo hili Mama baada ya lile swali la binti yangu. Ameshatoka madarakani, ana muda sasa, anapalilia machungwa yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, ningehama kiti, lakini macho ya watu yasingehama. Wangemwona mwenyekiti amekaa chini."

Kaka alikuwepo. Akamwambia, "Basi Mama, ndugu wa kiongozi hana kijiji."

Mama akasema hilo alilijua tangu siku anachukua fomu, na kwamba kosa lake, kama lipo, ni kwamba alimwuliza mumewe, akamwuliza mchungaji, akatuuliza sisi watoto, na dada yake hakumwuliza.