Kwani katukana?

Harusi imepita salama, mtoto wa mama mdogo kashapelekwa kwa mumewe Chwaka, kwenye duka la dawa ninakouza nimeongezewa zamu ya jioni, boti ya Pemba ilizuiwa na upepo na ami hakuwahi ndoa. Wiki nzima hiyo, na mimi nilichobaki nacho ni maneno mawili ya mama: "Kwani katukana?"

Mnaomkumbuka mdogo wangu, yule mwimbaji anayepiga kanuni, ala ya nyuzi ya taarab, mnajua anavyorikodi. Godoro linasimamishwa ukutani, blanketi la mama linatundikwa dirishani, feni inazimwa, na kijana anakaa na nyuzi zaidi ya sabini mapajani, jasho linamchuruzika mpaka pete za kupigia zinamteleza vidoleni. Kipaza sauti alikinunua mkononi kwa mtu. Kompyuta ni ile niliyomwachia mimi, yenye kitufe cha herufi A kilichong'oka. Hana meneja, hana wa kumlipia studio, na hamuombi mtu ruhusa. Wimbo ukimalizika anautia YouTube, anausambaza kwa WhatsApp, basi umetoka. Na anaimba vile tunavyosema nyumbani, yaani vile wanavyosema Wete, Pemba, kwa sababu hajui kwa nini aimbe vyengine. Huu wa mwisho una jogoo wa jirani aliyewika mwishoni. Nilimwambia aurikodi upya. Akasema jogoo yumo ndani ya pigo, sikiliza vizuri. Nikasikiliza. Yumo kweli.

Sasa Jumamosi asubuhi, redio moja ambayo sitaitaja, kipindi cha wanaume wawili wanaotaniana mpaka saa nne. Kuna mtu kawapelekea wimbo. Wakauweka, haujafika hata nusu dakika wakaukata. Mmoja akauliza kama huyu ni mwimbaji au kapotea njia anakwenda kuchuma karafuu. Wa pili akasema, "Afundishwe kusema kwanza, kuimba baadaye." Wakacheka kile kicheko cha studio, kirefu, kinachokutaka na wewe ucheke. Halafu tangazo la sabuni.

Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mama, umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Na umenyamaza?"

Akakigeuza kifuu, akakichungulia ndani. "Kwani katukana?"

Nikasema, "Hakutukana, lakini..." Ile lakini ikanifia mdomoni. Mama akagonga kifuu ukingoni mwa sinia. "Haya, nipe kung'uto hilo."

Ndiyo yote. Nimeyarudia mazungumzo haya kwenye gari ya Fuoni, nimeyarudia nikihesabu vidonge vya watu, nimeyarudia harusini huku nimeshika sahani ya biriani mkononi na watu wananisemesha. Kila nikiyarudia nina jibu jipya. Mara namwambia, mama, amekusema wewe, kwani mdogo wangu kajifunza kusema kwa nani? Mara namwambia kuna tusi lisilo na neno chafu hata moja. Mara sisemi kitu, nazima redio tu. Na kila mara mama ananiuliza lile lile, na uso wake hausemi anacheka au anauma.

Maana ukweli ni kwamba hakutukana. Redio zetu zina bidii sana na matusi. Neno la chumbani likimponyoka mtu hewani, simu zinapigwa, radhi zinaombwa jioni ile ile, na Tume ya Utangazaji ipo. Nyimbo za vijana zinakatwakatwa mpaka ubeti unabaki mapengo. Lakini dharau inapita mlangoni na salamu inapewa. Ukisema lafudhi ya watu wa kisiwa kizima ni ugonjwa wa kutibiwa kabla ya kuimba, hakuna king'ora kinacholia, kwa sababu maneno yote uliyotumia yamo kwenye kamusi ya skuli.

Baba watoto ananiambia nataka kuwafunga watu midomo. Yeye kila kitu anakipeleka Marekani, basi tukaenda Marekani. Kule Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1978, majaji watano kwa wanne, kwamba serikali inaweza kukiadhibu kituo kwa maneno machafu, baada ya redio moja ya New York kurusha mchana kichekesho kilichojaa maneno hayo. Mpaka leo mpaka wao ni saa: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi wamelegezewa. Sawa. Lakini mwaka 2007 mtangazaji wao mkubwa, Don Imus, aliwasema mabinti wa timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Rutgers, akaziingilia nywele zao na heshima yao, siku moja tu baada ya wao kucheza fainali. Aliyemtoa si serikali. Wenye matangazo ya biashara walijitoa mmoja mmoja, na haikupita wiki mbili kampuni iliyomwajiri, CBS, ikamfukuza. Baba watoto akasema, unaona, soko limejisafisha lenyewe. Nikamwambia soko hilo hilo lilimrudisha hewani kabla mwaka haujaisha, kwenye kituo chengine. Mimi sikushika kufukuzwa kwake. Nilichoshika ni kwamba wale mabinti na kocha wao walikaa mbele ya vipaza sauti, nchi nzima inawatazama, wakasema wao ni nani.

Hapo ndipo nilipolipata jibu ninaloliamini, ingawa mama hajaliomba. Mimi si mtu wa kuogopa kusemwa. Nimekulia kwenye taarab, nani asiyejua mipasho kwetu? Mwanamke anainuka na noti yake, anakwenda kutunza huku kidole kimemuelekea mtu, ukumbi mzima unajua ni nani na kwa sababu ya nini, na wimbo wenyewe hauna neno la kufutwa. Lakini yule aliyeelekewa naye yumo ukumbini. Ana noti yake na wimbo wake unakuja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa Fumba, alitungiwa mashairi ya kejeli: kaja mjini na kaniki, na bila ya ile sauti angekula nini. Hakuna tusi humo pia. Akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay akarikodi santuri, na hao waliomtungia sijui nani anawakumbuka kwa majina. Ila alikuwa na pa kujibia. Kipaza sauti cha Jumamosi ni chao wawili, kitufe ni chao, na aliyesemwa yuko Fuoni amelala, na mama yake anakuna nazi.

Na si redio tu. Tazama tamthilia hizi tunazokaa nazo kila usiku. Mpemba akitokea, au ni muuza duka bahili au ni mganga, na akifungua mdomo tu ndiyo kichekesho chenyewe, hakuna haja ya kumwandikia kingine. Kwa hiyo nilipompeleka mama kuitazama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile aliyoitoa kwenye riwaya ya Adam Shafi na ikaonyeshwa kwanza Toronto mwaka 2021, nilikwenda na wasiwasi. Mama ni mtu wa filamu za Kihindi tangu enzi za sinema ya Majestic ya Vuga, hajali filamu isiyo na wimbo. Mimi mwenyewe katikati palinichosha, mwendo wake ni wa taratibu mno na mahaba yale yangetaka maneno zaidi. Mama akaniinamia gizani, "Hawa wanasema kama watu." Akarudi kutazama. Sijawahi kusikia uhakiki mfupi zaidi, na bado nauona bora kuliko wangu.

Basi mtu huyo huyo ndiye aliyeniuliza kwani katukana.

Jumatatu nikaona nisifiche, nikamweleza mdogo wangu mwenyewe kabla hajaelezwa barzani. Nilijitayarisha, nikamtilia chai kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho, akakunja chapati.

"Walifika kwenye kanuni?"

"Vipi?"

"Kanuni inaingia baada ya dakika moja. Walifika?"

"Hawakufika hata nusu dakika."

"Aaah." Akasikitika kikweli, vile anavyosikitika mtu kakosa gari ya mwisho. "Basi hawajausikia bado." Akala chapati yake.

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Siku tatu nimebeba mzigo wa watu, mwenye mzigo anauliza wamefika dakika ya ngapi! Na nikiri, nyumba ilikuwa nyepesi siku ile. Nikapika wali wa nazi na changu wa kukaanga, nikafungulia simu wimbo wote kuanzia mwanzo, na kweli kanuni inapoingia ule wimbo unafunguka, unasahau hata maneno.

Jana mama akanipa simu yake. Anataka ule wimbo apelekewe dada yake Wete. Nikautuma. "Mwambie asikatishe," akasema, "afike mpaka kwenye jogoo." Nikasema hapa sasa nimuulize, mama, siku ile ulikusudia nini? Alishageuka kwenda kuanua nguo.

Sikumuuliza. Nitamuuliza siku nyengine, au nitaendelea kujibishana naye peke yangu kwenye gari, nishazoea.

Kinachonikosesha usingizi usiku huu ni kikohozi cha baba watoto. Kilianza kabla ya harusi, hakina homa, lakini kinamshika saa nane usiku mpaka anakaa kitako. Mimi nauza dawa mchana kutwa na mume wangu hanywi hata moja, anasema ni vumbi la barabara inayochimbwa. Wateja wangu wakinambia kikohozi cha namna hiyo nawafukuza waende hospitali wakapimwe. Kesho nampeleka Mnazi Mmoja kabla sijafungua duka. Akikataa nampigia ami yake, huyo ndiye pekee anayemsikia.